Vikombe Viwili vya Dawa

Ukijumlisha yote, jambo lile lilitugharimu ndimu sita, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, asali ya Yemen tuliyokuwa tumeiwekea wageni, themosi ya lita moja ambayo haikurudishwa, mbio moja ya mita mia nne kuruka viunzi, kazi moja ya udereva, na miaka minne ya baba. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliisahau asali.

Nimeyakumbuka haya tena juzi katika mkahawa mmoja hapa Nairobi, ambapo bilauri ya dawa wanaiuza shilingi mia tatu na wanakutazama machoni bila haya. Kwa asiyejua, sisi Wakenya kinywaji cha maji moto, ndimu, tangawizi na asali tunakiita dawa, ingawa hakijawahi kutibu chochote zaidi ya mafua na huzuni. Nilimwambia mhudumu, "Mia tatu, kwa maji ya moto?" Akasema, "Kuna tangawizi, madam." Nikamuuliza, "Iko wapi? Imetoka kidogo?" Alicheka, akaenda kuniongezea kipande. Mvuke uliponipanda puani nikawa nimerudi jikoni kwetu Muaither, mtaa wa Doha, na baba amesimama mbele ya jiko amejifunga aproni ya mama, anaponda tangawizi kwa sehemu ya chini ya kikombe kwa kuwa kinu tulikiacha Voi.

Doha tulikuwa kwa mgongo wa mama. Mama ndiye aliyekuwa na mkataba, muuguzi, zamu za mchana na za usiku, na makaratasi yetu yote yalining'inia kwenye jina lake. Baba alifuata baadaye, kama mzigo uliopitia njia ndefu. Tulipanga vyumba viwili katika villa iliyogawanywa kwa plaiwudi. Ukipiga chafya upande wetu, majirani Wahindi wa upande wa pili walikuombea afya kwa Kimalayalam. Mwaka wake wa kwanza baba alikaa nyumbani. Alinisuka nywele vibaya, akanipeleka shule, akapika sukuma wiki iliyouzwa kwa bei ya nyama, na kila Ijumaa alipokwenda kunyoa, kinyozi wake Mganda alimuuliza mbele za watu, "Mzee, umepata?" Baba alijibu, "Bado naangalia." Nami nilikuwa mdogo, nikadhani kweli kuna kitu anakiangalia.

Hatimaye alipata. Kampuni moja ya magari ya kukodi ilimchukua kuendesha basi dogo jeupe, na kazi yake kubwa ilikuwa kila panapokuwa na mashindano au mikutano kuwatoa wageni hotelini na kuwarudisha. Alipewa kadi ya kuvaa shingoni yenye picha yake. Ijumaa iliyofuata alikwenda kunyoa nayo. Kinyozi alimwambia aivue isije ikakatwa, baba akamwambia akate kuizunguka.

Ni lazima niseme kwamba Mkenya akiwa Doha ni mkimbiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Baba, ambaye sijawahi kumwona akikimbia isipokuwa mvua, aliulizwa na kila Mfilipino na kila Mnepali anamaliza kilomita kumi kwa dakika ngapi. "Inategemea nani ananifukuza," alikuwa akisema. Lakini moyoni lilimpendeza. Alianza kusema "sisi wa riadha".

Mwenye elimu ya riadha nyumbani mwetu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na daftari la kurasa tisini na sita, nami nilibandika ndani yake mabingwa wa Marekani peke yao. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Wakenya walipigwa picha ndogo, tena wakiwa wamechoka. Wamarekani walipigwa picha nusu ukurasa, wamefunga bendera mabegani, meno yote thelathini na mawili nje, na picha kubwa ilikuwa na thamani. Nilibadilishana na Rania, msichana wa darasani kwetu ambaye baba yake aliletewa magazeti matatu kila asubuhi. Kiwango chetu kilieleweka: Mmarekani mmoja kwa Wazungu wa Ulaya wawili, na akiwa na medali shingoni, watatu. Timu ya kupokezana vijiti tuliihesabu kama mtu mmoja, maana vichwa vilikuwa vidogo.

Basi kulikuwa na bingwa mmoja wa mbio fupi, sitamwelezea zaidi, ambaye picha yake niliitamani muhula mzima. Nilimlipa Rania picha kumi na moja na seti yangu ya jiometri. Haukupita muda, gazeti likaandika kwamba bingwa huyo amekiri alikuwa akitumia dawa za kuongeza nguvu, na medali zimerudishwa. Nilikwenda kwa Rania na picha yangu mkononi. Aliitazama, akanirudishia. "Khalas, ulishachukua," alisema. "Mimi nilikuuzia picha. Sikukuuzia medali." Sijawahi kupata somo la biashara lililo bora kuliko lile. Niliung'oa ukurasa, na tangu siku ile nikawa na utaratibu: medali yoyote naihesabu mara mbili, mara ya kwanza inapovaliwa, mara ya pili baada ya miaka miwili, kuona kama bado ipo. Sikumwamini tena mtu yeyote mwenye mapaja makubwa.

Maisha ya bingwa wa Marekani niliyajua kama jedwali la saba. Huanza akiwa mwembamba kwenye picha ya shule, ana vyuma kwenye meno. Chuo kikuu humsomesha kwa miguu yake. Kisha inakuja mchujo wa kwao, ambao kwangu ulikuwa mkatili kuliko mashindano yenyewe, kwa sababu watatu wa kwanza husafiri na wa nne hurudi kwao kuosha vyombo, hata kama angeweza kuwashinda wote wa dunia iliyobaki. Ukipita hapo ni dhahabu, bendera, na kampuni ya viatu. Baada ya viatu njia hugawanyika. Wengine huchukuliwa na goti, wengine na gazeti. Niliposoma habari za goti nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Goti angalau halidanganyi.

Kwenye ukurasa wa tisa nilikuwa na mmoja wa mbio za viunzi. Jina lake silitaji; nyumbani tulimwita Bi Viunzi. Dhahabu mbili za dunia, na mwaka mmoja akashika nafasi ya nne. Nafasi hiyo ya nne ndiyo iliyomwokoa kwangu. Nilijiuliza, tapeli gani angejipa nafasi ya nne? Baada ya hapo alipotea magazetini, nami nikaandika chini ya picha kwa penseli: GOTI?

Mei ile, mashindano yalipofika, baba alirudi nyumbani akaweka funguo mezani kama mtu anayeweka jokeri. "Wakesho," akaniambia, "lete hilo daftari lako. Nisomee walioko kwenye basi langu." Akanipa karatasi ya majina. La tatu lilikuwa lake.

Kwa kuwa mama alikuwa na zamu za mchana wiki ile, nami nilitoka shule mapema, baba alinichukua. Nilikaa kiti cha mbele, mkanda umenikata shingoni, daftari magotini. Nilimtarajia mwanamke mrefu kama mnara. Alipanda mtu mdogo, amebeba mto wake mwenyewe wa kulalia, plasta kisiginoni, anakohoa.

"Good afternoon, Champion," baba akamwambia, kwa Kiingereza chake cha Voi.

"Ukiniita hivyo nitakulipisha," alijibu yule mwanamke kwa sauti iliyokwaruza. "Bingwa wa wapi? Tiketi nimejilipia mwenyewe."

Nilimgeukia. Bingwa wa dunia mara mbili anajilipia tiketi? Niliona hapo kuna jambo. Naye alimweleza baba njiani, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno na baba alikuwa mtu wa kuitikia. Haikuwa goti. Ilikuwa kano ya kisigino kwanza, halafu mtoto. Kampuni ya viatu ilipoona tumbo ilikata malipo yake nusu, na mtoto alipozaliwa ikakata nusu iliyobaki. "Walininunua kwa ajili ya viunzi," alisema. "Mtoto hakuwa kwenye mkataba." Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, amerudi, na ili aruhusiwe kushiriki mchujo wa kwao alihitaji muda wa kufuzu kabla orodha haijafungwa. Amejaribu mara tatu akaukosa kwa sehemu za sekunde. Mbio ya Ijumaa ya Doha ilikuwa ya mwisho. Wamempa njia ya nane, ile ya pembeni ambako humwoni mtu hadi akupite.

"Na usipoupata huo muda?" baba akamuuliza.

"Nitaanza kufundisha watoto wa watu wengine kuruka."

Baba akatikisa kichwa. "Utaupata. Sisi wa riadha tunajua." Mimi nikatazama nje, ambako mchanga ulikuwa umepaka hewa rangi ya chai ya maziwa, nikamwonea baba aibu.

Siku ya pili niliona kitu. Baba alikuwa ameegesha karibu na uwanja wa mazoezi, mahali palipokuwa na harufu ya mpira uliopikwa na jua, nami niliruhusiwa kwenda msalani peke yangu. Ndani nilimkuta mama mmoja wa Kisudani aliyevaa kizibao cha kijani, amesimama mlangoni pa choo kimoja kama askari. Mkononi alikuwa na pakiti tatu za nailoni. Bi Viunzi akaja, akachagua moja kati ya zile tatu, akaigeuzageuza kama anayenunua nyanya, na wote wawili wakaingia choo kile kile na mlango haukufungwa sawasawa. Nilinawa mikono mara nne. Walipotoka, Bi Viunzi alibeba kopo, akalimimina kwenye vichupa viwili vidogo, akavifunga kwa nguvu, akaandika jina lake kwenye karatasi. Kilichokuwamo kilikuwa cha njano, kimetulia, rangi ile ile ya dawa ya baba ikishachujwa.

Mtu mzima anayesoma hapa ameshaelewa kwamba alikuwa anapimwa, na kwamba yule mama wa kizibao alikuwa mlinzi wa uaminifu wenyewe. Mimi niliona biashara. Nilijua biashara inavyofanana: bidhaa inachaguliwa, inakaguliwa, watu wanajificha, karatasi inatiwa sahihi. Nilirudi kwenye basi, nikafungua ukurasa wa tisa, nikafuta GOTI. Sikuandika kitu mahali pake. Nilisubiri ushahidi, nikiwa mtoto wa haki.

Ushahidi baba aliuleta mwenyewe. Kikohozi cha Bi Viunzi kilizidi kwa sababu ya kiyoyozi cha hoteli, na Alhamisi baba alimwambia, "Hicho kifua kinataka dawa."

"Dawa ni nini?" aliuliza, kwa kuwa baba hilo neno alilisema kama lilivyo.

"Kitu cha kwetu. Ndimu, tangawizi, asali, maji ya moto."

"Nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Niambie tena. Polepole."

Baba akamwambia tena. Akamuuliza mara ya tatu, asali inatoka wapi, tangawizi ni ya unga au nzima, kuna majani yoyote, kuna chochote cha pakiti. Baba alijibu kwa subira ya mpishi. Leo najua mwanamke yule alikuwa anaogopa, kwamba bingwa huishi akiogopa hata chai ya mama mkwe. Kwangu, mtu anayeuliza bei mara tatu ni mtu anayetaka kununua kweli.

Ijumaa baba aliamka kabla ya mama kuamka. Alitumia ndimu zote sita. Alifungua ile asali, nami nikamwambia, "Baba, hiyo ni ya wageni." Akasema, "Na huyu ni nani, mpangaji?" Alijaza themosi, akaifuta, akaifunga kwa taulo ya jikoni. Mchana wote niliisikia ikigongagonga kati ya viti. Jioni, tukielekea uwanjani, Bi Viunzi alikunywa kikombe cha kwanza akiwa ameinama na mvuke usoni, akaguna. Alikunywa cha pili. Alimwambia baba kwamba tangu atue hajapumua hivyo. Kisha aliniona nikimtazama kwenye kioo, akanikonyeza. Sikumrudishia.

Baba aliegesha, wakashuka, na yeye akatumwa kufuata barafu. Akaniambia nisiguse kitu. Ndipo mudir alipokuja, msimamizi wa madereva wote, mtu mpole mwenye tasbihi na simu mbili, ambaye alizoea kunipa peremende na kunisemesha Kiarabu kwa sababu alisikia ninafanya vizuri shuleni. Alikuwa anapita basi hadi basi akikagua. Alichungulia, akaona themosi na kikombe chenye kipande cha ndimu.

"Shinu hadha?" aliuliza. Hii nini?

Hapa ndipo nilipo hadi leo.

Neno lile ni moja na ni mawili. Sisi tulilichukua kutoka kwao, tukaliacha wazi mwishoni: dawa. Wao hulivuta, kisha hulikata kooni, kama mtu anayefunga mlango kwa ghafla. Ukilisema Kiswahili, Mwarabu huenda akakuuliza unamaanisha nini. Ukilisema na ule mkato wa mwisho, hana la kuuliza. Umesema dawa ya duka la dawa, ya daktari, ya sindano. Mwalimu wetu wa Kiarabu alikuwa amenisifu kwa mkato huo. Nililikata.

Mudir aliacha kuhesabu tasbihi. "Ya nani?"

"Ya yule Mmarekani. Baba amempa."

"Amekunywa?"

"Vikombe viwili," nikasema. Nilikuwa nimehesabu.

Hakunikaripia. Aliichukua themosi pamoja na taulo, akaishika kama inayoweza kulipuka, akaondoka akiongea kwenye simu zote mbili.

Mambo mengine niliyaona kupitia kioo cha basi na kwenye skrini kubwa, ambayo kutoka pale tulipoegesha ilionekana nusu. Bi Viunzi alitolewa kwenye uwanja wa kupasha misuli akiwa katikati ya watu wawili, viatu vyake vya misumari mkononi, soksi zimegusa vumbi. Alipita karibu na basi. Alikuwa anasema, "Ni ndimu! Muulizeni dereva, ni ndimu!" Alinitazama, nadhani akitaka nimwite baba. Nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti. Walimkalisha kwenye chumba. Daktari wa timu yao aliitwa, akafungua themosi, akanusa, akaonja, na inasemekana alicheka. Lakini wakimbiaji hupangwa mstari kwa saa, na aliyeitwa asitokee anakatwa. Daktari alipokuwa anacheka, wenzake walikuwa wameshaingia. Bunduki ililia. Wanawake saba waliruka. Kwenye njia ya nane viunzi kumi vilisimama vimenyooka mpaka mwisho, hakuna aliyevigusa. Nilivihesabu kwenye marudio pia.

Baba alirudi na barafu. Aliambiwa pale pale, mbele ya madereva wenzake. Mudir alimwambia dereva haruhusiwi kumpa mchezaji hata maji, iko kwenye karatasi aliyotia sahihi, na baba aliitia kweli, bila kuisoma, kama sote. Kadi ya shingoni ilivuliwa. Baba alipouliza nani aliyesema, mudir alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu wa kutosha mimi kujua kwamba ananipa kitu kikubwa kuliko peremende. Kisha akamwambia baba, "Upande wa Wamarekani wameuliza maswali."

Tulirudi Muaither kwa teksi. Mlangoni mama alikuwa bado na sare. Alisikiliza yote, akakaa, akasema, "Baba Wakesho, ungeniuliza. Mimi ni nesi. Ungeniuliza tu." Baba akasema, "Alikunywa dawa yangu, akasema nimemponya, kisha akanichongea." Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na daftari. Kama kuna dakika ya kusema, ilikuwa ile, na nilitumia dakika ile kuomba ruhusa ya kwenda kuoga. Maji ya bomba la baridi yalikuwa ya moto, kama yanavyokuwa kule tangu Mei.

Hakupata kazi nyingine. Labda jina lake lilikuwa na alama, labda alikuwa amechoka kuangalia. Miezi mitatu baadaye alisema anarudi Voi kusimamia nyumba, na mama na mimi tukabaki kwa ajili ya shule yangu, miaka minne. Nilikua nikisikia sauti ya baba kila Ijumaa kwenye simu, ikichelewa nusu sekunde. Tuliporudi Kenya alinikuta nikiwa mrefu kumpita. Alichekea urefu huo, na bado nakumbuka alivyoinua mkono kunigusa kichwa akaukuta uko chini.

Jambo moja halijabadilika. Riadha ikianza kwenye runinga, Mmarekani yeyote akisimama kwenye njia yake, baba husema, "Chunga hao. Unawapa asali, wanakupeleka polisi." Wajukuu wa ndugu zake wanaikariri kama methali.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita nilikuwa kazini, nafanya hesabu za mizigo ya bandarini, nimeweka mazungumzo masikioni, ya mabingwa wastaafu wa Marekani wakihojiwa. Kusikiliza hivyo vitu ni tabia niliyobaki nayo. Nasikiliza kama karani wa mahakama, nasubiri nani atakiri. Akaja mwanamke mmoja. Nilimjua kwa sauti, ingawa haikukwaruza tena. Anafundisha wasichana wa sekondari kuruka viunzi. Mwulizaji alimuuliza mbio zake za mwisho zilikuwa zipi, akasema, "Zile ambazo sikukimbia." Akaeleza. Alieleza sawasawa, bila kuongeza. Hata ndimu alizitaja. Halafu akasema kwamba kwa miaka mingi hakumlaumu mtu, maana huo muda pengine asingeupata, lakini kuna dereva Mkenya alifukuzwa kwa ajili yake, alikuwa na msichana mdogo kiti cha mbele, na hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia kwamba si yeye aliyelalamika. Akatoa anwani. Akasema kama kuna anayemjua mzee huyo, amwandikie.

Nilisimamisha. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza mara ya pili. Mawazo yangu ya kwanza nayaandika kama yalivyokuja: anataka nini? Mtu wa Marekani hamtafuti dereva bure. Labda anaandika kitabu, labda kuna kesi, labda ni hizo ibada zao za kusameheana mbele ya kamera. Nilitafuta hila kwa siku tatu kama anayetafuta ufa kwenye chungu kabla ya kulipa. Sikuuona. Medali zake mbili, nilikwenda kuangalia, bado zipo. Mwanamke huyu alikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu pekee aliyefanya hila katika habari yote hii alikuwa na miaka kumi na alama nzuri za Kiarabu.

Nimejaribu kupatana na nafsi yangu. Naweza kumpa baba nusu: huyo Mmarekani hakukuchongea, ni mudir aliyekosea. Lakini baba si mjinga. Atauliza swali moja tu, mudir aliambiwa na nani, na kwenye basi tulikuwa wawili, mmoja akiwa amekwenda kufuata barafu. Naweza kunyamaza na kumwacha mzee na methali yake, na mwanamke yule na anwani yake, kila mmoja akidhani mwenzake ana kinyongo. Naweza kusema nilikuwa mtoto, nikachanganya maneno. Watu wote watanikubalia hilo. Ni mimi tu ninayeukumbuka ule mkato kooni, na kwamba haukuniponyoka.

Baba ana miaka sabini na mmoja. Jumamosi anapanda treni kuja Nairobi kwa daktari wa macho, atalala kwangu siku mbili, na ameshaniambia nisisumbuke kupika, atapika yeye. Nyinyi mliokuwa watoto kule wakati mmoja nami, mliowahi kutafsiria wazazi wenu mbele ya mudir, mbele ya daktari, mbele ya askari wa mlangoni, bila shaka kuna neno na nyinyi mliligeuza. Nishaurini. Mzee huambiwa jambo kama hili kabla ya kula, au baada?